Nani Alilipia Kichwa Kikavu?

Shuka matatu Limuru asubuhi yoyote ya Julai na utaona vizazi viwili vikipigana na hali moja ya hewa. Vijana tumevuta marvin hadi kwenye nyusi, au tumejikunyata ndani ya hudi. Wazee wamevaa kofia za felti, zile zenye ukingo na utepe, ambazo mtoto wa Nairobi huziita kofia za kizee hadi siku atakapoitaka moja ya kupigia picha. Rasharasha ikianza, tofauti inaonekana haraka. Marvin inakunywa maji kama sifongo. Baada ya dakika kumi kichwa chako ni baridi kuliko kama ungekiacha wazi. Ya mzee inashika matone juu juu, yanateleza hadi ukingoni na kudondoka mbali na kola.

Kwa muda mrefu niliona hilo kama jambo la kawaida tu, kofia ya mvua kwa watu wa mahali pa mvua. Halafu nikaanza kusoma historia yake, nikakuta kitu ambacho bado kinanichekesha. Kofia hii haikuletwa nyanda zetu za juu kwa sababu ya mvua. Waliokuja nayo walikuwa wakiogopa jua. Kinga ya mvua ilikuwa kazi yake ya kwanza, huko Ulaya, karne nyingi kabla ya reli kufika hapa. Kazi hiyo ilisahaulika njiani, na waliokuja kuirudisha ni akina guka.

Tuanze na felti yenyewe. Watu wengi hudhani ni kitambaa kizito tu. Sivyo. Kitambaa cha kawaida kina mtande na mshindio, nyuzi zinazopishana, na kati ya nyuzi kuna vitundu. Felti haina uzi hata mmoja. Unachukua manyoya ya mnyama, unayalowesha kwa maji ya moto, unayakandamiza, unayasugua, unarudia. Kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na joto na unyevu vikiingia, nywele hushikana na kukwamana zisiachane tena. Mwenye dredi anajua nusu ya somo hili tayari. Endelea kukanda na ule mfuko wa manyoya mapana unazidi kujibana, unapungua ukubwa, unakuwa mnene, mpaka maji hayana pa kupita.

Manyoya hayalingani. Sufu ya kondoo hushikana vizuri, lakini huacha nafasi, na mvua ikidumu inaingia, kofia inakuwa nzito na kulegea. Manyoya ya sungura ni membamba zaidi na hujibana zaidi. Bingwa wa wote alikuwa biva, mnyama wa mtoni wa nchi za kaskazini, anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Biva huishi ndani ya maji yanayoganda. Chini ya nywele zake ndefu kuna manyoya mengine mafupi, laini, mazito mno, na hayo ndiyo yaliyotakiwa. Kofia ya biva ilistahimili mvua ya London mwezi wa Desemba, ikakauka, ikarudi na umbo lake lilelile. Kumbuka kwamba huko mwanamume wa heshima hakutembea na mwavuli hadi katikati ya karne ya 18, na hata wakati huo alichekwa. Mwavuli wake ulikuwa kichwani.

Ulikuwa ghali, lakini. Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeandika shajara maarufu, alinunua kofia ya biva mwaka 1661 kwa paundi 4 na shilingi 5. Mwaka 1663 aliajiri mpishi kwa paundi 4, na akalalamika kwamba hajawahi kumlipa mpishi pesa nyingi hivyo. Paundi 4 za mwaka mzima. Kofia ilimzidi mpishi.

Kwa bei kama hiyo, biva wa Ulaya hawakuwa na bahati. Waliwindwa mto kwa mto, nchi kwa nchi, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wamebaki takriban 1,200 tu Ulaya na Asia nzima. (Leo wamerudi, wamezidi milioni, na Scotland ilianza kuwarudisha kwa majaribio huko Knapdale mwaka 2009.) Wa Ulaya walipoadimika, wafanyabiashara waligeukia Amerika ya Kaskazini. Tarehe 2 Mei 1670 Mfalme Charles II alitoa hati iliyounda Hudson's Bay Company, akaipa kampuni hiyo haki juu ya ardhi kubwa ajabu, yote inayomwaga maji yake kwenye ghuba ile. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Hakuna aliyewauliza. Mkenya hahitaji kufafanuliwa mtindo huo wa hati zinazoandikwa mbali.

Kuna kitu kimoja cha biashara hiyo ambacho nimeshindwa kukisahau. Ngozi iliyopendwa zaidi mwanzoni haikuwa mpya. Ilikuwa ile iliyokwisha kuvaliwa. Wacree na majirani zao walishona ngozi za biva kuwa mavazi ya majira ya baridi, manyoya yakiwa ndani, wakayavaa mwaka mmoja au zaidi. Mwili ukisugua kila siku, zile nywele ndefu zisizofaa kwa felti zinang'oka zenyewe. Jasho na mafuta ya ngozi ya mtu yanalainisha manyoya yanayobaki. Wafaransa waliyaita castor gras, biva la mafuta, na waliyathamini kuliko ngozi safi. Sasa fikiria yule bwana wa Paris, manukato shingoni, akiinua kofia yake kuamkia watu. Anachoinua ni mtumba. Mwenye kuuvaa kwanza alikuwa mwindaji wa msituni, na jasho la mwindaji ndilo lililoifanya kofia kuwa laini. Tunaonunua Gikomba tumeambiwa mara nyingi kwamba tunavaa vilivyoachwa na Wazungu. Poa. Wao walianza.

Biashara ilipokua, ilikuja na sheria zake. Makoloni ya Uingereza huko Amerika yalikuwa na manyoya karibu na mafundi wazuri, yakaanza kutengeneza kofia nyingi na za bei nafuu. Watengenezaji wa London wakalia, na mwaka 1732 Bunge likapitisha Sheria ya Kofia. Koloni lilikatazwa kuuza kofia nje ya mipaka yake, hata kwa koloni jirani. Fundi hakuruhusiwa kuwa na wanagenzi zaidi ya wawili, na kila mmoja alipaswa kujifunza miaka 7. Na ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu kinachosema mtu mweusi asiajiriwe kabisa katika kazi ya kutengeneza kofia au felti.

Nilipokikuta kifungu hicho nilirudi nyuma kukisoma tena. Huu ni wakati ambapo watu weusi walikuwa wakilazimishwa kufanya karibu kila kazi kwenye makoloni hayo, mashambani, bandarini, jikoni. Kwenye kofia, hapana. Ufundi ulikuwa mali. Ukimfundisha mtu jinsi ya kubadilisha manyoya kuwa kitu ambacho maji hayapiti, umempa mtaji, na mtaji huo hauwezi kunyang'anywa kama jembe.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa inaua walioruhusiwa kuifanya.

Biva walipozidi kuadimika, mafundi walitaka kutumia sungura, aliyekuwa rahisi na tele. Lakini manyoya ya sungura hayashikani kwa hiari. Dawa iliyopatikana ilikuwa zebaki iliyoyeyushwa kwenye asidi ya nitriki. Unapaka ngozi kwa brashi, magamba ya kila unywele yanasimama, manyoya yanakubali kukwamana. Ngozi ikikaushwa, ncha zake hugeuka rangi ya karoti. Wafaransa waliuita utaratibu huo siri. Siri gani, kila karakana ilikuwa nayo baadaye.

Zebaki ikipata joto hutoa mvuke, na kutengeneza felti ni joto mwanzo hadi mwisho: maji yanayochemka, pasi, tanuri. Majira ya baridi madirisha yalifungwa ili karakana isipoe. Fundi alianza kutetemeka vidole, halafu mikono, kisha akashindwa kushika kikombe au kuandika jina lake. Fizi zilivimba na meno yakalegea. Na kulikuwa na dalili nyingine ambayo mimi naiona mbaya kuliko kutetemeka: mtu aliingiwa na aibu. Fundi mzoefu aliyefanya kazi yake miaka 20 ghafla hawezi kutazamwa akifanya kazi, anakasirika bila sababu, anawakwepa watu. Mwaka 1860 daktari mmoja huko New Jersey, J. Addison Freeman, aliandika ripoti juu ya ugonjwa wa zebaki miongoni mwa watengeneza kofia wa mji wa Orange. Kule Danbury, Connecticut, mji ulioishi kwa kofia, mtetemeko huo ulikuwa wa kawaida hivi kwamba uliitwa kwa jina la mji.

Angalia tarehe. Ripoti ni ya 1860. Viwanda vya Marekani viliacha zebaki mwaka 1941. Na kilichosukuma zaidi wakati huo, baada ya miaka 81 ya watu kutetemeka, ni kwamba zebaki ilihitajika kwa vilipuzi vya vita. Hidrojeni peroksaidi ilichukua nafasi yake na kofia hazikuharibika hata kidogo. Wahifadhi wa makumbusho wamepima kofia za karne ya 18 na 19 wakakuta zebaki bado imo ndani ya felti, imetulia, miaka mia mbili baadaye.

Orange ndiko alikozaliwa John B. Stetson mwaka 1830, mtoto wa fundi wa kofia. Ile kofia pana ya wachunga ng'ombe unayoijua kutoka kwa filamu ilitoka kwenye karakana aliyoanzisha Philadelphia mwaka 1865, na kuuzwa kwake kulitegemea ahadi ileile ya zamani: inazuia mvua, unaweza hata kumnyweshea farasi. Borsalino ya Italia ilianza Alessandria mwaka 1857. Jina fedora lenyewe linatokana na mchezo wa jukwaani wa mwaka 1882, *Fédora*, na aliyeuigiza alikuwa mwanamke, Sarah Bernhardt. Kwa hiyo ile kofia ya wazee wa baraza ni ya mwanamke tangu jina lake. Dada zangu, chukueni.

Sasa tuje nyumbani.

Walowezi walipoanza kumiminika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja na hofu moja ya kitabibu. Waliamini kwamba jua la ikweta, hasa juu milimani ambako hewa ni nyepesi, lina miale inayopenya fuvu na uti wa mgongo na kuharibu neva za Mzungu. Si kwamba wangeungua ngozi. Wangerukwa na akili. Hata siku ya mawingu mtoto hakuruhusiwa kutoka nje bila kofia, na wengine walivaa pedi za kitambaa mgongoni kukinga uti. Dawa ya kichwa ilikuwa kofia iitwayo double terai: kofia mbili za felti, moja ndani ya nyingine, zenye ukingo mpana. Terai ni ukanda ulio chini ya Himalaya, kati ya India na Nepal, ambako Waingereza walizoea mtindo huo. Hebu fikiria. Felti, kitu kilichobuniwa kwa mvua ya baridi, kimeongezwa tabaka la pili kwa ajili ya jua, kikavaliwa Limuru, mahali palipo juu ya mita 2,000, ambapo mwezi wa Julai jua lenyewe linaomba msamaha kabla ya kutoka.

Hofu ile ilikufa polepole na kufikia Vita vya Pili vya Dunia haikuwa na nguvu tena. Lakini kabla ya kufa ilikuwa imeifanya kofia kuwa alama. Felti pana ilimaanisha Mzungu. Na kichwa cha Mwafrika kikawa suala la siasa: ulitarajiwa kuvua kofia yako ukikutana na Mzungu njiani, ukiingia ofisini kwa D.C., ukisimama kwenye veranda kungoja kuambiwa jambo. Asiyevua alionekana ana kiburi, na kiburi kilikuwa na malipo yake, mara nyingine kofi. Mvua ikinyesha pia, vua. Sijui kama tunafikiria vya kutosha maana ya hilo kwa mtu mzima, mwenye watoto, amesimama kwenye manyunyu na kofia nzuri mkononi huku kichwa kinaloa.

Halafu ikaja Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ilikuwa na askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na beji yake ilikuwa kifaru. Mwaka 1944 ilitumwa kuwafukuza Wajapani kupitia Bonde la Kabaw, katikati ya mvua za monsuni. Magari yalizama kwenye tope. Malaria na homa nyingine zilikuwa zinaangusha watu sawasawa na risasi. Divisheni ilishuka bonde hilo miezi kadhaa hadi kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, Desemba 1944. Kichwani askari hao walivaa kofia pana ya felti ya jeshi. Safari hii mtu mweusi wa Afrika Mashariki amepewa felti na serikali yenyewe, ameamriwa aivae, na ameivaa kwa kazi yake ya asili. Ndani ya mvua.

Waruhiu Itote alikuwa Burma. Tulikuja kumjua baadaye kama Jenerali China. Watu waliokaa miezi msituni kando ya askari wa Kizungu, wakiwaona wanaogopa na kufa kama wengine, walirudi kwenye nchi ambako bado walitakiwa kuvua kofia barabarani. Sitaki kusema kofia ilileta Mau Mau, ardhi ilitosha. Lakini najaribu kuona yule aliyerudi akiwa na felti kichwani, anakutana na setla kijana ambaye hajawahi kuona vita, na mkono wake unabaki mfukoni.

Wala sisemi kila mzee wa felti alipita Burma. Wengi waliinunua kwenye duka la Mhindi kwa mshahara wa kwanza, wengine walipewa kuukuu na mwajiri, wengine waliona mwalimu wa misheni amevaa wakaitaka. Jambo langu ni kwamba walipoipata waliisoma vizuri kuliko walioileta. Hawakuwa na haja na kinga ya miale. Walikuwa na shamba, ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja alfajiri, na manyunyu ya miezi mitatu. Kofia ikarudi kazini.

Guka wangu alikuwa na moja tu, ya kijivu, na aliitunza kuliko baiskeli. Nimesoma maelekezo ya watengenezaji wa kofia wa Marekani na Italia, na karibu yote Guka aliyafanya bila kusoma. Ikinyeshewa aliikung'uta mara moja, mlangoni. Kabla ya kuingia aliinamisha kichwa mbele, kwa sababu lile bonde la juu hushika maji, na usipoyamwaga nje yatamwagika kwenye chai ya mtu. Kisha aligeuza ule ukanda wa ngozi wa ndani, akautoa nje wote, akaisimamisha kofia juu ya ukanda huo ili ukingo usibonyee. Usiku, ikishakauka, ilikaa juu ya mkebe mkubwa wa Kimbo. Msumari haukutumika, msumari unatoboa umbo. Juu ya meza pia hapana, ukingo ukikaa bapa unanyooka. Na mtu akiisogeza karibu na jiko, hata ikiwa imelowa chepechepe, alisikia sauti ya Guka kutoka chumba kingine.

Sababu ya jiko ninaijua sasa. Felti iliundwa kwa joto na maji. Ukiipa joto na maji tena, inaendelea pale ilipoachia: inajibana. Ngozi ya ndani nayo inakauka na kukunjamana, na kofia ya namba 58 inakuwa ya mtoto wako. Iache ikauke kwa hewa tu. Tope usiliguse likiwa bichi, utalisukuma ndani. Lisubiri likauke, litoke kwa brashi laini, ukifuata mwelekeo manyoya yanakolala. Ukingo ukijipinda, mvuke wa birika unatosha kuulainisha, uupinde kwa vidole na uuache upoe.

Miaka fulani wazee wengi walikuwa na njia nyingine: juala. Mvua ikianza, mfuko wa plastiki ulitoka mfukoni na kuvishwa kofia, na mzee akatembea akimeta kama zawadi iliyofungwa. Tulicheka sana. Tangu plastiki hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, mtindo huo umepotea, na kwa kofia si hasara. Plastiki ikikaa muda mrefu inafungia unyevu ndani, na unyevu huleta ukungu na harufu.

Nikienda Gikomba siku hizi ninashika kofia kabla ya kuiangalia. Nyingi zinazoitwa felti ni poliesta iliyopigwa pasi. Zinang'aa kidogo na zina ugumu wa kadibodi, na mvua moja inazimaliza. Za sufu utazijua kwa ukwaru wake na uzito. Ndani mara nyingi kuna lebo inayosema hivyo, na kwa rasharasha ya kutoka stendi hadi ofisini zinatosha. Ya sungura au biva ni laini kama sikio la paka, nyepesi, na ukibonyeza ukingo ukaachia unarudi wenyewe. Kamata yenye ukanda wa ngozi ulioshonwa, si kitambaa kilichobandikwa. Igeuze dhidi ya mwanga utafute mahali palipoliwa na nondo. Utepe uinue kidogo, maana chini yake ndiko madoa hujificha. Kuna zenye alama za X ndani, tano, kumi, ishirini. Kila kampuni ina kipimo chake, kwa hiyo usilipie herufi.

Mtihani wa mwisho ni maji. Chovya kidole kwenye chupa yako, dondosha tone moja ukingoni. Likikaa kama shanga, hiyo ni ya mvua. Likitandaa na kuzama, hiyo ni ya harusi. Muuzaji atakuangalia vibaya, lakini muuzaji wa Gikomba ameona mengi. Ugumu wa kofia nao una siri: nyingine hupewa ugumu kwa shelaki, gundi ya mdudu mmoja wa Asia isiyoyeyuka kwa maji, na nyingine kwa jelatini. Ya jelatini ikilowa inainama masikioni kama mbwa aliyekemewa. Na ukikutana na kofia kuukuu kweli, ya kabla ya vita, inunue ukipenda lakini iweke kabatini, usiivae kila siku wala usiitie mvuke. Zile tarehe za Danbury si hadithi.

Saizi, chukua inayokaa juu ya masikio bila kubana paji. Ikizidi kidogo, kunja gazeti uingize nyuma ya ukanda wa ngozi. Guka alitumia *Taifa Leo*, na kipande chake bado kimo ndani, kimegeuka rangi ya chai, maneno hayasomeki.

Kofia hiyo sasa iko kwangu. Mwezi uliopita binamu yangu aliiazima kwa ruracio kule Kinangop, ambako haijawahi kutokea sherehe bila mvua. Akanirudishia jioni ya Jumapili, imelowa, akaniuliza kama aiweke karibu na hita. Nikaichukua mkononi mwake, nikageuza ukanda nje, gazeti nikaliachia mahali pake. Ilichukua siku mbili kukauka.